Bei ya Viti Vitupu: Kisa cha Karani wa Tandahimba Aliyepanga Kwenda Mbugani Peke Yake

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka thelathini na tisa, karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara, aliyetaka kwenda kuona wanyamapori kwa fedha zake mwenyewe na bila mwenzi wa safari. Nitamwita Karani, kwa kuwa jina lake halihitajiki hapa, ilhali kazi yake ina uzito katika hesabu zitakazofuata. Aliniletea mpango wake ukiwa umeandikwa katika daftari, na chini ya ukurasa alikuwa ameweka jumla ya shilingi 520,000, akitaka nimwambie kama fedha hiyo inatosha. Nilimjibu kwamba inatosha kwa safari, ila haitoshi kwa safari ile aliyoiandika.

Alichokitaka hasa ni twiga. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo lililoamua mengi. Watu wa kusini hawana shida ya kusikia habari za tembo. Wakulima wa Liwale, Nachingwea na Tunduru wanawalalamikia kila msimu kwa kuharibu mashamba, na mtu anaweza kuzeeka Mtwara au Lindi akiwa na hadithi nyingi za tembo bila kulipia kiingilio hata mara moja. Twiga ni habari nyingine. Ingawa ndiye mnyama wa taifa, katika mfumo wa ikolojia wa Selous yeye hupatikana kaskazini ya mto Rufiji, na upande wa kusini wa mto huo hayupo. Kwa hiyo Karani, aliyezaliwa na kukulia kusini, alikuwa amemwona twiga katika noti, katika nembo za ofisi na ubavuni mwa ndege, lakini si akiwa hai.

Fedha za msimu mmoja, wanyama wa msimu mwingine

Kabla ya kufika kwenye ramani, mpango ule ulikuwa na tatizo la kalenda. Uchumi wa Tandahimba ni korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo unakwenda ghala kuu, mnada unafanyika, kisha malipo yanaingia benki. Minada huanza Oktoba, na fedha huwa mikononi mwa watu Novemba na Desemba. Ndiyo miezi ambayo harusi zinafungwa, mabati yanapandishwa na pikipiki zinanunuliwa. Karani naye, ambaye ana mikorosho ya urithi zaidi ya mshahara wake mdogo, alikuwa amepanga kusafiri mwishoni mwa Desemba, wakati mfuko ukiwa bado una uzito.

Kwa mtazamaji wa wanyama, Desemba si mwezi mbaya kabisa, lakini kwa mtu mwenye bajeti ndogo una kasoro. Mvua zinakuwa zimekwisha kuanza kusini, majani yanarefuka, na maji yanapopatikana kila mahali wanyama hawana sababu ya kukusanyika kwenye mito na mabwawa. Mtu mwenye siku tano za kuzunguka anaweza kuvumilia hali hiyo. Mwenye siku moja tu, na ndiyo aliyokuwa nayo Karani, anahitaji kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ambapo nyasi ni fupi na maji ni machache. Nauli na vyumba nazo hupanda wakati wa sikukuu. Na zaidi ya hayo, karani wa ushirika haruhusiwi kwa urahisi kuondoka wakati mizigo inapokelewa na malipo yanahakikiwa.

Mwezi uliofaa kazi yake na uliofaa wanyama ulikuwa Juni. Ugumu ukawa ni kuifikisha Juni fedha ya Desemba, na hapo sikuwa na ushauri wa kitaalamu kuliko alioujua mwenyewe: aliiweka katika kikundi chao cha VICOBA, yaani cha kuweka akiba na kukopa, ambacho mgao wake ulikuwa unafanyika Mei, ili asiweze kuigusa hata mtoto wa ndugu akija na barua ya ada. Machi, Aprili na Mei tuliifuta kwa sababu ya masika. Mtu yeyote anayesafiri kati ya kusini na Dar es Salaam anakumbuka Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizoikata barabara kuu eneo la Somanga, mkoani Lindi, na abiria wakakwama pande zote mbili. Aliye peke yake na fedha ya kuhesabu hawezi kulipia siku tatu za kukwama kwenye nyumba ya wageni.

Mahali pa kwenda

Wazo la kwanza la kila mtu anayeishi Mtwara ni kwamba asiende mbali. Katika wilaya ya Nanyumbu, kando ya mto Ruvuma, lipo pori la akiba la Lukwika-Lumesule, na Karani aliliulizia. Nililiondoa mapema. Mapori ya akiba yako chini ya mamlaka ya wanyamapori, TAWA, uwindaji wa kitalii wenye vibali huendeshwa humo kwa msimu, na hakuna mtindo wa magari ya kukodi yanayongoja wageni wa siku moja. Mtu angelazimika kuja na gari lake kutoka Masasi au Mtwara. Pia, kwa jinsi nilivyokwisha kusema juu ya mto Rufiji, asingemwona twiga. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ni nzuri na iko karibu zaidi, lakini matumbawe na kasa si alichokuwa anakitafuta.

Zilibaki hifadhi za taifa za Nyerere na Mikumi, na hapa ndipo mpango wa daftari ulipohitaji kusomwa kwa makini.

Karani alikuwa ameandika Nyerere, na hoja zake zilikuwa nzuri. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilitengwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya kaskazini ya Pori la Akiba la Selous, na kwa eneo lake la kilomita za mraba 30,893 ni kubwa kuliko hifadhi nyingine yoyote ya taifa nchini. Sehemu yake iko ndani ya mkoa wa Lindi, kwa hiyo mtu wa kusini anaihesabu kuwa ya nyumbani. Muhimu kuliko yote, Karani alikuwa ameona jambo ambalo wasafiri wengi wa kusini hawalioni, kwa kuwa maelezo mengi ya safari huandikwa kwa mtu anayeanzia Dar es Salaam: kwamba anayetoka Mtwara au Lindi hana haja ya kufika Dar ili kwenda lango la Mtemere. Basi likishavuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, na kupita Ikwiriri, linafika Kibiti; abiria anashuka hapo na kupanda gari la kwenda Mloka, kijiji kilicho jirani na lango hilo, kwa barabara ya vumbi yenye urefu wa zaidi ya kilomita mia moja. Mtemere iko kaskazini ya mto, kwa hiyo twiga wapo. Wapo pia viboko na mamba katika Rufiji na maziwa yake, na ziara ya boti ambayo Mikumi haina.

Hesabu yake ilisomeka hivi. Nauli ya basi kwenda na kurudi 80,000, kwa sababu ukishuka Kibiti kondakta bado anakutoza karibu nauli yote ya Dar. Kibiti hadi Mloka, kwenda na kurudi, 30,000. Malazi ya usiku tatu, mmoja Kibiti na miwili Mloka, 75,000. Chakula 60,000. Kiingilio kidogo cha raia. Gari la kuzungukia ndani ya hifadhi, 50,000. Akabakiwa na akiba iliyozidi 200,000, na akaanza kujiuliza kama aongeze siku.

Namba moja tu katika orodha hiyo haikuwa sahihi, na ndiyo iliyoiangusha orodha nzima. Shilingi 50,000 za gari alizipata kwa mwenzake wa kazi aliyewahi kwenda Nyerere, ambaye hakumdanganya hata kidogo: ndicho alichokitoa. Ila mwenzake huyo alikwenda na watu wengine sita, katika gari la shilingi 350,000 kwa siku. Anayekwenda peke yake hakodi kiti, anakodi gari, na vile viti sita vitupu vinavyomfuata nyuma vinakula mafuta yaleyale na dereva yuleyule. Tulipoirekebisha namba hiyo, jumla ikapita shilingi 590,000 kabla ya kiingilio na boti, wakati mfukoni kuna 520,000.

Ninakaa kidogo kwenye jambo hili kwa sababu mazungumzo mengi ya utalii wa ndani huzunguka kiingilio. Watu huulizana kiingilio ni shilingi ngapi, wanafurahi kusikia kwamba Mtanzania, kama raia yeyote wa Afrika Mashariki, hulipa kwa shilingi kiasi ambacho ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni kwa dola, na wanahitimisha kwamba safari ni rahisi. Kiingilio ni kweli ni rahisi. Lakini hifadhini huruhusiwi kuingia na bodaboda, huruhusiwi kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha, na daladala haziingii. Gari ni lazima, na bei ya gari haijali uraia wa aliyekaa ndani. Kwa familia ya watu sita hilo ni jambo la kugawana. Kwa mtu mmoja linaamua kila kitu, na ndiyo maana nilimshauri Karani aache kuchagua hifadhi kwanza. Atafute kiti, kisha aende kiliko kiti.

Kutafuta kiti

Mloka ilionekana kuwa mahali pagumu kwa mtu anayetafuta kiti kimoja. Wageni wengi wanaofika Mtemere wanakuja wakiwa wamekwisha kulipia kila kitu, wengine kwa ndege ndogo zinazotua ndani ya hifadhi, na Watanzania wanaofika huja kwa makundi yaliyojaa kutoka Dar, hasa wikiendi zinazogusana na sikukuu. Inawezekana kupata nafasi, lakini inawezekana vilevile kukaa Mloka siku mbili ukinunua chakula na kungoja gari litakalokuja limejaa. Tena Mloka ni kijiji ambacho tembo hupita. Usiku si mahali pa kuzurura ukitafuta dereva.

Mikumi ina hali tofauti, na sababu yake ni barabara. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kilomita za mraba 3,230, imepasuliwa katikati na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia kwa urefu wa kilomita 50 hivi. Lango la Kikoboga liko kando ya lami. Mji mdogo wa Mikumi, wenye nyumba za wageni za kila bei na madereva wenye magari yaliyofunguliwa juu, uko nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, na mabasi yanapita hapo mchana kutwa. Kwa sababu hiyo wanachuo, wafanyakazi na vikundi vya makanisa na misikiti kutoka Morogoro na Dar hufika kwa siku moja na kurudi. Mahali ambapo makundi madogo yanakuja kila Jumamosi ndipo penye viti.

Karani aliwapigia simu madereva watatu. Mazungumzo yake na wa tatu, kama alivyonisimulia, yalikwenda hivi:

“Habari za asubuhi kaka. Napiga kutoka Tandahimba, nataka kuja kuona wanyama Juni.”

“Salama dada, karibu sana Mikumi. Mko wangapi?”

“Niko mwenyewe.”

“Mwenyewe gari ni laki tatu na nusu, dada yangu, siwezi kukuficha. Mkiwa wengi mnagawana.”

“Mimi si wa laki tatu na nusu. Nataka unipakie na watu wengine, siku yoyote wanayokuja wao, mimi nitaifuata.”

Sentensi yake ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi. Msafiri wa peke yake ana mali moja ambayo kikundi hakina, nayo ni kwamba anaweza kusogeza tarehe bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wengi huitupa mali hiyo kwa kupanga tarehe kwanza na kuanza kubembeleza bei baadaye. Dereva alimpigia baada ya wiki moja: wanachuo wanne kutoka Morogoro, wawili wao wasichana, wamekodi gari Jumamosi ya katikati ya Juni na wangefurahi kupata wa tano. Shilingi 350,000 kwa watano ni 70,000 kila mmoja. Bei hiyo ilijumuisha mafuta, dereva na ada ya gari kuingia, na kila mtu alijilipia kiingilio chake. Nilimtaka aulize neno kwa neno nini kimo na nini hakimo, kwa kuwa ugomvi mwingi langoni hutokana na ada ya gari ambayo kila upande ulidhani ni ya mwenzake.

Juu ya utapeli, tulikuwa na kanuni mbili tu. Kiingilio kingelipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali inayotolewa na hifadhi, kwa simu au benki, wala si kwa kumtumia dereva fedha kwenye namba yake binafsi; malango ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayapokei fedha taslimu, na yeyote anayesema “nitumie mimi nikulipie” anatakiwa aweze kuonyesha namba hiyo na risiti. Malipo ya awali ya gari yangekuwa madogo kiasi kwamba yakipotea safari haifi. Wakala au kampuni ya utalii huulizwa leseni ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, na asiyekuwa nayo mara nyingi hujulikana kwa namna anavyokasirikia swali. Karani alituma 20,000 na kulipa zilizobaki asubuhi ya safari.

Mbali iliyokuwa nafuu

Sasa tunaweza kulinganisha. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560, na Mikumi iko karibu kilomita 300 zaidi ya hapo. Kwa macho ya ramani, kumpeleka mtu wa Tandahimba Mikumi wakati Nyerere iko njiani ni kumzungusha. Kwa macho ya daftari ilikuwa hivi: basi hadi Dar na kurudi 84,000, treni ya reli mpya ya SGR kati ya Dar na Morogoro, ambayo ilianza kubeba abiria Juni 2024 kwa nauli ya daraja la kawaida ya 13,000, kwenda na kurudi 26,000, Morogoro hadi Mikumi kwenda na kurudi 16,000, nyumba ya wageni Mikumi usiku miwili 50,000, kiti 70,000, chakula 70,000, kiingilio ambacho hakikufika 10,000. Chini ya 330,000 kwa jumla, na bajaji na daladala hazikuibadilisha picha.

Msomaji ataona kwamba malazi ya Dar hayamo. Karani ana shangazi yake Mbagala, na hii ni rasilimali ambayo vitabu vya bajeti haviihesabu. Mabasi ya kusini hupita huko, watu wa Mtwara na Lindi wamejaa huko, na karibu kila ukoo wa Tandahimba una mlango wa kubisha. Si bure, bila shaka. Alikwenda na korosho zilizobanguliwa kilo kadhaa na unga wa muhogo, na alirudi na vifurushi vya watu watatu. Lakini alikwenda na alirudi bila kulipia chumba mjini.

Ukoo huo huo ulikuwa na swali lake. Kwa Wamakonde, mjomba ana kauli katika mambo ya mpwa wake hata mpwa akiwa na watoto, na mjomba wa Karani alitaka kujua ni nani aliyemtuma kwenda kuangalia twiga, na kama ametumwa, mbona hakupewa nauli. Nilidhani swali hili lingeizuia safari. Karani alilijibu kwa daftari: alimwonyesha kila siku atakapolala, namba ya simu ya shangazi, namba ya gari la dereva na jina la nyumba ya wageni. Mzee hakusoma yote, lakini aliridhika kwamba yameandikwa. Kwa usalama wa mwanamke anayesafiri peke yake, sijui kama ningeongeza mengi juu ya karatasi ile, isipokuwa kwamba kila kituo kifikiwe kabla ya jua kuzama. Na kwa sababu hiyo tulikataa wazo lake la kuondoka Dar mchana ili afike Mikumi usiku na kuokoa chumba cha siku moja.

Ilivyokwenda

Aliondoka Tandahimba Jumatano alfajiri, akapumzika Mbagala Alhamisi, na Ijumaa asubuhi akapanda treni, ambayo ilimfikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Kutoka stendi ya Msamvu mjini humo alichukua basi linalokwenda Iringa na kuomba kiti cha dirishani. Sehemu hii ya safari haina bei katika hesabu yoyote, kwa sababu anayepita kwa barabara kuu halipi kiingilio: mabasi hupunguza mwendo ndani ya hifadhi kwa amri ya vibao na matuta, na kabla hajafika Mikumi mjini alikuwa amewaona swala pala, nyani, pundamilia na tembo wawili kando ya lami. Twiga hakumwona siku hiyo.

Jumamosi ndipo kiti cha bei nafuu kilipodai malipo yake mengine. Wanachuo wale walilala Morogoro, wakapanda basi asubuhi, na basi likachelewa. Karani alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na kitambulisho cha NIDA na risiti ya kiingilio, amevaa nguo ya rangi ya udongo kama tulivyokubaliana, kwa kuwa mbung'o hufuata buluu na nyeusi. Gari liliingia lango la Kikoboga saa tatu na nusu. Kwa anayejua mbuga, saa hizo tatu na nusu ni hasara: simba, chui na fisi huonekana zaidi alfajiri, na jua likishapanda hulala vichakani. Kiingilio hakimrudishii mtu asubuhi iliyopita. Hawakuona simba.

Waliona vingi vingine. Uwanda wa Mkata ulikuwa mkavu, nyasi zimelala, na udongo wake mweusi ambao masika hukamata magari ulikuwa mgumu kama sakafu. Nyati walikuwa mbali kwa mamia, nyumbu na pundamilia pamoja, viboko na mamba katika bwawa lililo karibu na lango, na twiga, kwa maelezo ya Karani, “mpaka wale watoto wakachoka, wakasema dereva twende mbele, mimi nikasema ngojeni kwanza.” Walingoja. Kundi lilikuwa la twiga kumi na mmoja wakila migunga, na Karani aliwahesabu kwa kawaida yake ya kuhesabu magunia, kutoka kushoto, kisha kutoka kulia kuhakiki.

Mchana kati ya saa saba na saa tisa ulipotea kwa kula na kupumzika, kama inavyokuwa karibu kila mahali, na jioni walizunguka tena hadi muda wa kutoka. Nilipomuuliza kama alijutia kuchelewa kwa wenzake, alisema hapana, kwa kuwa wao ndio waliolipa 280,000 za gari lake. Mimi sikubaliani naye kikamilifu. Kiti kingeweza kutafutwa kwa masharti mawili, la bei na la kulala Mikumi usiku wa kuamkia safari, na tulitaka la kwanza tu. Kikundi kilicholala mjini Mikumi kingeingia saa kumi na mbili na nusu kwa fedha ileile, na wanachuo wanne wangelala katika vyumba viwili kwa nyongeza isiyofika bei ya kiti kimoja.

Jumapili alirudi Morogoro na Dar, na Jumatatu akapanda basi la kusini. Katika 520,000 alirudi na 171,000, ambazo sehemu yake aliirudisha VICOBA.

Kuhusu Nyerere, mpango haukufa, na hesabu yake sasa imebadilika kwa namna inayostahili kuandikwa. Tukichukua zile namba za Mloka na kuweka watu watano badala ya mmoja, gari la 350,000 linakuwa 70,000 kwa kila mtu, na jumla ya kila mmoja inashuka hadi 315,000 kabla ya kiingilio na boti, yaani karibu sawa na Mikumi, bila kufika Dar na kwa siku pungufu za njiani. Tofauti ni kwamba viti vya Mloka lazima vijazwe Tandahimba kabla basi halijaondoka, kwa sababu huko haviokotwi. Karani amewapata makarani wawili wa vyama jirani na mwalimu mmoja, ambao wote likizo zao zinakutana Juni, na mjomba amekwisha kuuliza kama katika boti wazee wanaruhusiwa. Dereva wa Mloka anataka idadi kamili kabla ya mwisho wa Mei.